Chapati chini ya sahani: shajara ya mradi wa maumbo yaliyofichwa nusu

Jumamosi, 11 Aprili. Bombo

Leo nimemtega Shangazi kwa chapati. Kabla hajaingia jikoni niliikata moja kwa kisu, nikifuata mviringo wa sahani, nikakila kile kipande nilichokitoa, kisha nikaiweka sahani pale pale palipokatwa, ukingo kwa ukingo. Alipoingia nikamwuliza anaona nini mezani.

"Chapati na sahani."

"Chapati nzima?"

"Nzima, mwanangu. Sahani imeikalia."

Nikainua sahani. Chini yake meza tupu. Alicheka, halafu akanyamaza, akaniambia niirudishe. Nikairudisha. "Mbona bado naiona nzima?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Nikaisogeza sahani upana wa kidole kimoja, mpaka meza ikaonekana katikati, na papo hapo chapati ikawa imemegwa. Unga ni ule ule, mkato ni ule ule. Kidole kimoja tu cha nafasi, na jicho limebadilisha ushahidi wake.

Nimeanza na chapati kwa sababu nilitaka kujua kama nitaweza kumweleza mtu wa nyumbani mradi wangu wa uzamili bila kutoa kitabu. Nimeweza. Shajara hii nitaiandika kwa Kiswahili, maana hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, mambo ya maana tunayasema kwa Kinubi, lugha ya Wanubi, au Kiswahili, na washiriki wangu wengi watakuwa watu wa hapa: akina mama wanaosuka, vijana wa boda, wake wa wanajeshi kutoka kambini.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akionyeshwa umbo mara nyingi, na kila mara sehemu yake imefichwa nyuma ya kitu kingine, anaishia kulipenda umbo lipi? Kile kipande ambacho macho yake yamekiona, au umbo zima ambalo hajaliona hata siku moja, ila akili yake imelikamilisha kila mara?

Swali hili limenishika tangu msimu wa uchaguzi, nilipokuwa nikipita kila asubuhi mbele ya ukuta mmoja karibu na stendi ya teksi. Mabango yalikuwa yamebandikwa moja juu ya jingine mpaka mgombea mmoja akabaki jicho, shavu na nusu ya tabasamu. Miezi miwili nilimwona hivyo. Siku moja nikaikuta picha yake nzima kwenye nguzo, sehemu nyingine kabisa, nikahisi nimekutana na mtu ninayemfahamu. Sikuwahi kuuona uso ule. Nilikuwa nimeujenga mwenyewe, kidogo kidogo, kila asubuhi nikielekea Kampala.

Jumanne, 14 Aprili

Siku nzima ya kusoma. Naandika yale tu yatakayoamua mpango wa kazi.

Kwamba kukizoea kitu kunaweza kutosha kukufanya ukipende, bila zawadi wala maelezo, kulionyeshwa vizuri mwaka 1968 na Robert Zajonc, mzaliwa wa Łódź nchini Poland aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Michigan. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na herufi za Kichina, na picha za nyuso. Vingine havikuonyeshwa kabisa, vingine mara 1, 2, 5, 10, vingine mpaka 25. Kadiri kitu kilivyoonyeshwa mara nyingi, ndivyo watu walivyokiona kizuri zaidi. Waswahili wana kauli yao, asiyekujua hakuthamini, na kwa upande mmoja Zajonc aliipima kauli hiyo kwa namba.

Mwaka 1980 yeye na William Kunst-Wilson wakaenda mbali zaidi. Walichukua maumbo yenye pembe nane zisizolingana, wakayamulika kwa milisekunde 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, mara tano kila moja. Kisha wakayatoa mawiliwili, moja lililoonyeshwa na moja jipya. Walipouliza "lipi uliliona?", watu walipatia asilimia 48, yaani sawa na kurusha sarafu. Walipouliza "lipi unalipenda?", asilimia 60 ya majibu yaliangukia lile lililoonyeshwa. Mtu anakipenda kitu na hajui kwamba alishakiona. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu leo, na mara zote tatu nimesimama nikazunguka chumba.

Upande wa maumbo yaliyofichwa kuna Albert Michotte wa Louvain, Ubelgiji, ambaye mwaka 1964 yeye na wenzake waliandika juu ya ukamilishaji huu: tunaiona sehemu isiyofika machoni kama sehemu iliyopo kweli, iliyo nyuma. Gaetano Kanizsa wa Trieste naye aliufanyia kazi kubwa. Mwaka 1981 Albert Bregman akachora vipande vya herufi B vilivyotawanyika ambavyo mtu havielewi kabisa. Akimwaga juu yake doa la wino linaloonekana, B zinajitokeza zote. Kinachoziba kinapoonekana, jicho hupata sababu ya kukamilisha. Kisipoonekana, linaona vipande tu. Ni ile ile sahani ya Shangazi.

Ninachotaka ni kuzifunga mada hizi mbili pamoja. Maelezo yanayokubalika sana juu ya mazoea ni kwamba kitu kilichowahi kupita machoni hupokelewa na ubongo kwa wepesi mara ya pili, na ule wepesi mtu huuhisi kama raha, akaihesabia raha hiyo kwa kitu chenyewe. Rolf Reber, Piotr Winkielman na Norbert Schwarz walilieleza hilo mwaka 1998. Basi kama ni wepesi, ni wepesi wa kupokea nini? Wa kipande, au wa zima?

Jumatano, 15 Aprili

Mpango wa kwanza, kwa kalamu ya risasi ili ufutike.

Maumbo yote nakata mwenyewe kwanza kwenye karatasi ngumu, kisha nayachora kwenye kompyuta. Kifuniko ni kimoja kwa maumbo yote: mraba wa kijivu. Kila umbo likipewa kifuniko chake, mtu atakizoea na kifuniko, na mwishowe sitajua amependa nini. Maumbo yamegawanywa mafungu mawili. Nusu ya washiriki wataonyeshwa fungu la kwanza, nusu la pili, ili umbo lililo zuri kwa asili yake lisinidanganye. Hatari hiyo ni ya kweli: Moshe Bar na Maital Neta walionyesha mwaka 2006 kwamba watu huelekea kupenda vitu vyenye mikunjo ya mviringo kuliko vyenye pembe kali. Kwa hiyo kila fungu lina mikunjo na pembe kwa kadiri moja.

Kundi moja la washiriki litaona umbo limegusana na kifuniko, kama chapati na sahani. Kundi jingine litaona kipande kile kile na mraba ule ule, ila vimeachana kidogo, upana wa kidole. Wino unaofika machoni ni karibu ule ule. Tofauti ni kwamba kundi la kwanza litaona umbo zima limejificha, na la pili litaona umbo lililokatwa. Baadaye wote watachagua kati ya maumbo mawilimawili: mazima kwa mazima, vipande kwa vipande.

Kama kinachopendwa ni kile tu kilichogusa jicho, makundi yote mawili yatapenda vipande. Kama ukamilishaji unahesabika kama kuona, kundi la kwanza litapenda mazima ambayo halijawahi kuyaona. Hilo la pili ndilo ninalolisubiri kwa hamu, na naliandika hapa wazi ili siku ya matokeo nisijifanye sikuwa na upande.

Mara ngapi? Robert Bornstein mwaka 1989 alikusanya majaribio zaidi ya 200 ya miaka 20 iliyotangulia. Alichokikuta kinanisaidia sana: kuonyesha kwa muda mfupi kuna nguvu kuliko muda mrefu, kuchanganya maumbo kuna nguvu kuliko kurudia moja mfululizo, na ukizidisha idadi, kupenda kunapoa. Nimechagua mara 10, kwa kuchanganya.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimejaribu maswali yangu kwa watu wa nyumbani, kwenye kadi tu, bila kompyuta. Mambo mawili yameharibika, na yote mawili yamenifundisha.

La kwanza ni mizani ya alama 7. Nilimwambia Shangazi: 1 ni hulipendi kabisa, 7 unalipenda sana. Akatoa 7 kwa kadi ya kwanza. Ya pili 7. Kadi kumi na mbili, 7 kumi na mbili. Nikamwuliza kama kweli yote yanampendeza sawa. Akanishika mkono: "Umekaa usiku unakata na mkasi mpaka kidole kimechubuka, halafu nikwambie la tano ni baya?" Hakuwa anadanganya. Alikuwa anajibu swali jingine, la heshima, lililo kubwa zaidi kuliko langu. Kwa watu waliolelewa kumsifia mgeni chakula hata kikiungua, mizani ile haipimi kitu. Kuanzia leo nimeiacha. Nitaweka maumbo mawili mbele ya mtu achague moja; hapo hamna wa kumwudhi, kwani yote mawili ni yangu. Kunst-Wilson na Zajonc nao waliuliza kwa mawilimawili.

La pili ni neno lenyewe. Kijana mmoja jirani, mzungumzaji wa Luganda, nilimwuliza "unapenda lipi?" Akanyoosha kidole, kisha akanyoosha mkono apewe. Kwa Luganda kupenda na kutaka ni neno moja, *okwagala*, na kwa Kiswahili chake cha mtaani maana zote mbili zilikuja pamoja. Aliichagua kadi ambayo ingemfaa kuchezea. Tukajaribu "lipi zuri?", lakini uzuri ukaleta hukumu: watu wakaanza kutafuta lililokatwa kwa unadhifu, kana kwamba nawapa mtihani wa ushonaji. "Linalovutia" nalo linasikika kama tangazo la redio. Mwisho tumebaki na "Lipi limekupendeza zaidi?" Hapo umbo ndilo linalofanya kazi na mtu ndiye anayefanyiwa, na watu walijibu haraka bila kuuliza nina maana gani. Nimejaribu kwa watu sita, na sita wote wamejibu chini ya pumzi mbili. Nalichukua.

Jumatano, 22 Aprili

Umeme hakuna tangu jana mchana. Nimekata maumbo manane zaidi kwa mwanga wa dirisha.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo ndipo mradi umepinda.

Nilikuwa nimedhani kila mtu akiona umbo lililofichwa nusu anakamilisha umbo lile lile nililolificha mimi. Msimamizi wangu aliniambia nihakikishe: nimpe mtu kadi na kalamu, achore kilicho nyuma ya mraba. Nikampa Shangazi na mpwa wangu anayeendesha boda.

Umbo la kwanza halikuwa na shida. Ni kama figo, mkunjo unaingia nyuma ya mraba upande huu na kutokea upande ule. Wote wawili wakauunganisha kwa mstari mmoja laini. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa. Kingo mbili zikielekeana, jicho huzifunga.

Umbo la saba lilikuwa na masikio ya mviringo, moja kila upande: juu, chini, kushoto. Upande wa kulia umefunikwa. Mpwa wangu alichora mstari mfupi wa moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, akarudisha kalamu. Shangazi akachora sikio la nne. Alilichora polepole, akalipima kwa kidole gumba dhidi ya lile la kushoto, akafuta, akalichora tena mpaka yakalingana.

"Kwa nini umeweka sikio?" nikauliza.

"Kwa sababu lipo."

"Umelionaje?"

Akanyanyua kikapu alichokuwa anasuka, chenye duara za zambarau na kijani na ua katikati. "Ukianza ua, huliachi na majani matatu. Hata nikiwa sijafika huko, mkono unajua."

Mpwa wangu akabisha: "Shangazi, hapa hakuna kikapu. Mstari unapita tu."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mimi naandika. Wote wawili wana hoja, na kumbe ubishi wao ni mkongwe. Upande mmoja unasema jicho hukamilisha ili umbo lipate ulinganifu. Upande mwingine, ambao Kanizsa aliutetea kwa michoro mingi, unasema jicho hufuata mstari ulipoelekea, hata ulinganifu ukivunjika. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote Chuo Kikuu cha Makerere kwenye karatasi kavu. Sikuwahi kudhani nitayaona mezani, mwanamke aliyesuka miaka arobaini akisimamia upande mmoja na kijana anayeishi barabarani akisimamia mwingine.

Sitaki kudai kwamba kusuka ndiko kumemfanya Shangazi aone sikio la nne. Mtu mmoja na mtu mmoja si ushahidi. Lakini kwa mradi wangu maana yake ni nzito: nikiwaonyesha hawa wawili umbo la saba mara kumi, watakuwa wamezoea mazima mawili tofauti. Nikija na zima lenye masikio manne na kusema "hili ndilo mlilokuwa mkiliona", kwa mmoja nitakuwa mkweli na kwa mwingine mwongo. Na kama mpwa wangu hatalichagua, nitaandika kwamba ukamilishaji hauna nguvu, kumbe yeye amelikamilisha vizuri kabisa, ila lake.

Nimelala nikiyawaza hayo.

Jumanne, 28 Aprili

Uamuzi. Maumbo ya aina ya figo yanabaki kuwa msingi wa jaribio, maana watu hawatofautiani juu yake. Maumbo ya masikio hayatupwi. Yanakuwa sehemu ya pili: kila mshiriki, mwisho kabisa baada ya kuchagua yote, atachora kilicho nyuma ya mraba. Kisha natazama kama alichokichagua kinafanana na alichokichora. Mtu aliyechora masikio manne amependa manne? Aliyechora mstari amependa mstari? Kuchora kunakuja mwisho, kwa sababu mtu akichora kwanza atalipenda alilolichora kwa kuwa ni kazi ya mkono wake.

Msimamizi amekubali. Amesema sehemu ya pili inaweza ikawa ndiyo sehemu ya kwanza. Nimetembea kutoka chuoni mpaka Wandegeya bila kuhisi jua.

Jumamosi, 2 Mei

Kazi ya kompyuta, na kosa ambalo lingeweza kuua kila kitu.

Allison Sekuler na Stephen Palmer walionyesha mwaka 1992 kwamba ukamilishaji unachukua muda. Umbo lililofichwa likimulikwa kwa muda mfupi sana, jicho hulipokea kama kipande. Likipewa kama milisekunde 100 hadi 200, linakuwa zima. Hii ni zawadi kwangu. Naweza kuonyesha picha ile ile, bila kusogeza chochote, kwa milisekunde 50 kwa baadhi ya watu na 500 kwa wengine. Kama kupenda kwa zima kunatokana na kukamilisha, wa 50 wasilipende na wa 500 walipende. Baada ya ile ya haraka inakuja picha ya vurugu ya mistari mistari, ili jicho lisibaki na mwangwi wa umbo na kuendelea kulifanyia kazi.

Skrini ya laptopu yangu inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kila mbadiliko ni karibu milisekunde 17, kwa hiyo 50 ni mibadiliko mitatu na 500 ni thelathini. Natumia PsychoPy, programu ya bure iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Nottingham, na mdogo wangu amenisaidia kuiandika. Inafanya vizuri. Leo tulijaribu na watu wanne wa nyumbani, na katikati umeme ukakatika. Laptopu ikaendelea na betri, tukaendelea nasi, tukafurahi kwamba hatukupoteza mtu.

Usiku nikafungua faili la muda, ambalo programu huandika kila picha ilikaa kwa muda gani. Kabla ya umeme kukatika, safu imenyooka. Baada ya hapo namba zinaruka. Laptopu ilipoona iko kwenye betri ilijipunguzia nguvu yenyewe, na picha ya mibadiliko mitatu ikawa inakaa minne, mitano, mara sita. Yaani pale nilipotaka milisekunde 50, watu wawili walipata mpaka 100, pale pale kwenye mpaka ambapo kipande kinaanza kugeuka zima. Kwa jicho la kawaida usingegundua kitu. Skrini ilikuwa inamulika kama kawaida. Bila lile faili ningekusanya watu sitini, nikapata jibu, na jibu lenyewe likategemea saa ambayo umeme ulikatika.

Kuanzia sasa: laptopu inafungiwa nguvu kamili hata ikiwa kwenye betri, faili la muda linasomwa kila baada ya mshiriki mmoja, na umeme ukikatika kikao kinasimama. Mshiriki anashukuriwa, anapewa nauli yake, anaenda. Mtu wa namna hiyo harudiwi, kwa sababu ameshayaona maumbo.

Alhamisi, 7 Mei

Kila nilichofanya mpaka leo kimefanywa na watu wa nyumbani, kwa ajili ya kunyoosha vifaa tu, na hakuna jibu lao litakaloingia kwenye matokeo. Utafiti na watu hapa Uganda unapaswa kupita kwanza kwenye kamati ya maadili, kisha usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Fomu ya ridhaa nimeiandika kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Nimemsomea Hajjati mmoja jirani ile ya Kiswahili nione kama inaeleweka. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza maswali mawili. La kwanza, kama nitachukua damu. Nikamwambia hapana, ni kutazama tu. La pili, kama akichagua vibaya ataambiwa. Nikamweleza kwamba hakuna kuchagua vibaya, na nikagundua fomu haisemi hivyo popote. Sasa inasema, kwenye mstari wa pili, kwa herufi nene.

Maumbo yaliyobaki baada ya kuchuja ni 24: aina ya figo 16, ya masikio 8. Yote nimeyachapisha na kuyapanga sakafuni usiku huu, kila moja na mraba wake wa kijivu juu. Shangazi amepita akielekea kulala, ameinama, ameligusa umbo la saba pale kulia, juu ya kijivu, mahali ambapo sikio lingekuwa.

Bahasha iko tayari. Kesho nashika teksi ya saa kumi na mbili asubuhi ili nifike kabla ofisi hazijajaa.